Kupima DNA ya bakteria kwa chembe nano zenye sumaku na nuru: utatuzi wa matatizo yanayojirudia

Mwongozo huu ni wa watu wanaotumia chembe nano zenye kiini cha oksidi ya chuma, ambacho huvutwa na sumaku, na gamba linalotoa nuru, kwa kawaida oksidi ya gadoliniamu iliyotiwa yuropiamu (zote mbili ni metali, na yuropiamu ndiyo inayotoa nuru). Juu ya gamba hilo hubandikwa streptavidini au protini nyingine ya jamii yake, na protini hiyo hushika kipande kifupi cha DNA kilichofungwa biotini (vitamini ambayo protini hiyo huing'ang'ania), ambacho humu tutakiita kipande cha kunasa. DNA ya bakteria inayotafutwa huungana na kipande hicho kwa sehemu yake moja, na kwa sehemu nyingine huungana na kipande cha kuashiria kilichobeba rangi inayong'aa. Sumaku huvuta chembe hadi ukutani mwa tyubu, uchafu humwagwa, kisha mashine husoma nuru mbili: nuru ya chembe zenyewe, ambayo kwa yuropiamu ni nyekundu na hukolea karibu na nanomita 611 hadi 617, na nuru ya kiashirio, ambayo mara nyingi huchaguliwa karibu na nanomita 665. Jibu linaloandikwa ni uwiano, yaani nuru ya kiashirio ikigawanywa kwa nuru ya chembe.

Uwiano huo ndio uzuri wa njia hii, kwa kuwa chembe zikipotea wakati wa kuosha, nuru zote mbili hushuka pamoja na jibu halipotoki. Lakini uwiano huohuo ndio unaoficha makosa mengi. Mtu akitazama uwiano peke yake hawezi kujua kama umepanda kwa sababu DNA imeongezeka au kwa sababu nuru ya chembe imefifia. Kwa hiyo, kabla ya kubadili bafa (kimiminika cha kazi chenye kiwango maalumu cha asidi na chumvi), joto au sumaku, andika namba zote mbili kama zilivyotoka kwenye mashine. Zote mbili zikiwa chini, chembe zimepotea au hazikutosha tangu mwanzo. Nuru ya chembe ikiwa ya kawaida na ya kiashirio ikiwa chini, kasoro iko kwenye DNA au kwenye vipande vyake. Nuru ya chembe ikishuka huku ya kiashirio ikibaki ilivyokuwa, usiamini uwiano hata kama unapendeza.

Kila jaribio pia linahitaji tyubu linganishi, na bila hizo hakuna sehemu ya mwongozo huu itakayokusaidia. Tyubu moja isiwe na DNA kabisa. Ya pili iwe na DNA ya bakteria mwingine asiyehusika. Ya tatu iwe na chembe zisizobandikwa kipande cha kunasa, na ya nne iwe na DNA ya kutengenezwa yenye mfuatano kamili unaotafutwa, ambayo lazima itoe jibu.

Dalili: chembe hazikusanyiki kwenye sumaku, au hupungua kila zinapooshwa

Sababu inayoongoza ni haraka. Chembe ndogo huvutwa kwa nguvu ndogo, kwa sababu nguvu hiyo hufuata ujazo wa kiini cha sumaku, na mvuto wa sumaku hupungua upesi sana kadiri umbali unavyoongezeka. Tazama kimiminika baada ya kuweka tyubu kwenye sumaku: kikibaki na rangi ya chai hafifu, chembe bado zinaelea. Ziongezee muda, sogeza ukuta wa tyubu uguse sumaku, na utumie tyubu nyembamba au ujazo mdogo. Ncha ya pipeti ielekee upande wa pili wa ukuta wenye chembe, na uache mikrolita chache chini badala ya kufyonza hadi tone la mwisho.

Sababu ya pili ni uzito wa kimiminika. Bakteria waliopasuliwa humwaga DNA ndefu inayofanya mchanganyiko uwe mzito na wenye kuvutika kama uzi, na chembe hukwama humo. Pitisha mchanganyiko mara kadhaa kwenye sindano nyembamba, au ukate DNA kwa mawimbi ya sauti au kwa vimeng'enya, kabla ya kuongeza chembe.

Ya tatu ni kuta za tyubu. Chembe hushika plastiki, hasa pale bafa isipokuwa na sabuni kidogo. Asilimia 0.05 ya Tween 20, ambayo ni sabuni hafifu, hutosha kwa kawaida, na tyubu zisizoshika protini husaidia zaidi.

Ikiwa hata chembe mpya zilizo kwenye maji safi hazivutwi ndani ya muda unaoeleweka, tatizo liko kwenye utengenezaji wake: kiini ni kidogo mno, au gamba ni nene kuliko kiini. Hapo hakuna uoshaji utakaorekebisha. Rudisha kundi hilo kwa aliyelitengeneza likachunguzwe kwa hadubini ya elektroni na kipimo cha usumaku.

Dalili: chembe hushikamana na kufanya madonge

Tofautisha kwanza madonge ya muda na ya kudumu. Chembe zenye kiini kidogo cha kutosha hazibaki na usumaku baada ya sumaku kuondolewa, kwa hiyo ukizitikisa zinapaswa kusambaa tena. Kama zinasambaa, huna tatizo. Kama vipunje vinaonekana kwa macho dhidi ya mwanga, au vinazama chini ndani ya dakika chache bila sumaku, una tatizo.

Chumvi ndiyo inayoongoza. Chembe husukumana kwa chaji zilizo juu yake, na chumvi nyingi hufunika chaji hizo hadi chembe zikakaribiana na kushikana. Ugumu uko hapa: nyuzi za DNA zinahitaji chumvi ili ziungane upesi, ilhali chembe zinaichukia. Maoni yangu ni kwamba usipunguze chumvi ya hatua ya kuunganisha nyuzi ili kuziokoa chembe, kwa kuwa utapoteza jibu lenyewe. Badala yake, zilinde chembe kwa kuzifunika na albumini ya ng'ombe na sabuni hafifu kabla hazijakutana na chumvi, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo huku unatikisa.

Pili, angalia kiwango cha asidi. Oksidi ya chuma isiyofunikwa hupoteza chaji yake karibu na pH 7, mahali ambapo bafa nyingi za biolojia hufanyia kazi, na ndiyo maana gamba la silika hupendwa, kwani lenyewe hubaki na chaji hasi hadi pH ishuke sana. Tatu, uliza kama chembe ziliwahi kugandishwa au kukaushwa. Chembe zenye protini hutunzwa kwenye nyuzi joto 4 na hazigandishwi, na zikishaganda huwa hazirudi kuwa kama zilivyokuwa.

Bafu la mawimbi ya sauti kwa muda mfupi, tyubu ikiwa kwenye maji ya barafu, linaweza kutenganisha madonge mapya. Usilitumie kwa muda mrefu kwenye chembe ambazo tayari zina protini, kwa maana joto na mtikisiko huiharibu.

Dalili: nuru ya chembe ni hafifu

Anza na mashine. Gamba la yuropiamu ndani ya oksidi ya gadoliniamu huamshwa vizuri na miale ya urujuanimno ya karibu nanomita 260, na kwa udhaifu zaidi na mwanga wa karibu nanomita 394 au 466. Mtu aliyeweka nanomita 350 kwa mazoea ya rangi nyingine atapata nuru kidogo sana hata chembe zikiwa nzima. Kagua pia sahani ya vipimo, kwa sababu plastiki ya kawaida humeza miale ya nanomita 260, na hapo unahitaji kwatzi au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya urujuanimno.

Baada ya hapo fikiria wingi wa chembe. Oksidi ya chuma ni nyeusi na humeza mwanga unaoingia na unaotoka, kwa hiyo chembe zikizidi, nuru hupungua badala ya kuongezeka. Punguza chembe mara mbili, kisha mara nne, na usome tena. Nuru ikipanda unapopunguza, umepata jibu.

Mwisho, fikiria asidi. Oksidi ya gadoliniamu huyeyuka kwenye asidi, na chembe zilizooshwa kwa bafa ya asidi au kuhifadhiwa humo hupoteza gamba polepole. Nuru iliyopotea kwa njia hiyo hairudi.

Usifungue kasha la taa ya zenoni wala la leza ili kurekebisha mwelekeo wake. Taa za zenoni zina gesi yenye shinikizo kubwa na zinaweza kupasuka, na leza huharibu jicho kabla mtu hajapepesa. Kazi hiyo ni ya fundi wa mashine aliyefunzwa.

Dalili: DNA ipo, lakini kiashirio hakitoi nuru

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi.

Swali la kwanza ni kama DNA ilikuwa na uzi mmoja ilipokutana na chembe. DNA ya bakteria ina nyuzi mbili zilizoshikana, na kipande cha kunasa hakiwezi kuingia kati yake. Ipashe moto kwenye nyuzi joto 95 kwa dakika 5 hadi 10, kisha iingize kwenye barafu papo hapo. Ukiiacha ipoe mezani, nyuzi hutafutana na kushikana tena. Pasha DNA peke yake kabla ya kuongeza chembe, kwani joto la 95 huharibu streptavidini na kuachia vipande vya kunasa. Nuru ya chembe haitashtuka kwa hilo, kwa sababu gamba la madini halijali joto hilo, na kwa hiyo kasoro itaonekana kama DNA haipo.

Swali la pili ni urefu wa DNA. Uzi wa mamilioni ya besi (herufi A, T, G na C za DNA) hujikunja na kusonga polepole, na eneo unalotafuta huzibwa na mikunjo hiyo. Kata DNA hadi vipande vya besi mia chache, na kama unatumia kimeng'enya cha kukata, hakikisha kwanza kwamba hakikati katikati ya eneo lako. Kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hugunduliwa kwa dakika chache tu za kusoma mfuatano.

Swali la tatu ni vipande vya kunasa vilivyobaki huru. Kama chembe hazikuoshwa vya kutosha baada ya kubandikwa, vipande vinavyoelea huwahi DNA kabla ya vile vilivyo juu ya chembe, na DNA hiyo humwagwa pamoja na maji. Osha mara tatu, kisha pima maji ya mwisho kwa mwanga wa nanomita 260, ambao DNA huumeza, uone kama bado yana vipande. Kwa upande mwingine, vipande vikibanana mno juu ya chembe huzuiana, na DNA ndefu haipati nafasi ya kushuka. Besi 10 hadi 15 za T kati ya biotini na mfuatano huinua kipande na kukipa nafasi.

Swali la nne ni joto na chumvi. Kwa vipande vifupi kuna hesabu ya haraka: nyuzi joto 2 kwa kila A au T, na 4 kwa kila G au C. Kipande cha besi 20 chenye G na C kumi huachana karibu na nyuzi joto 60 palipo na chumvi nyingi, kwa hiyo kuunganisha kwenye joto la 62 hakuwezi kufaulu. Fomamidi, kemikali inayolegeza nyuzi za DNA, ikiwemo kwenye bafa, kila asilimia moja hushusha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 0.6. Wengi huosha kwa maji yasiyo na chumvi kabisa na kuachanisha walichokiunganisha wenyewe.

Swali la tano ni rangi. Rangi za jamii ya sayanini huharibiwa na mwanga, na baadhi huharibiwa hata na ozoni ya hewani. Soma nuru ya kipande cha kuashiria peke yake kabla ya kukilaumu kitu kingine. Kumbuka pia kwamba rangi iliyolala karibu mno na oksidi ya chuma huzimwa nayo.

Baada ya hayo yote, fanya hesabu ya matarajio. Jenomu ya E. coli aina ya K-12 ina jozi za besi milioni 4.6, uzito wa takriban femtogramu 5. Nanogramu 1 ya DNA yake ina nakala karibu 200,000. Njia hii haizidishi DNA kama ifanyavyo PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, na kile ulichoweka ndicho kitakachosomwa. Kama sampuli yako ina nakala mia chache na mashine yako ni ya kawaida, ukimya wa kiashirio unaweza kuwa jibu la kweli.

Dalili: tyubu isiyo na DNA inatoa nuru ya kiashirio

Tazama tyubu ya tatu, yenye chembe zisizo na kipande cha kunasa. Ikiwaka nayo, kipande cha kuashiria kinashika chembe bila mpangilio. Funika chembe kwa albumini kwa muda mrefu zaidi, punguza kipande cha kuashiria, na uoshe kwa bafa yenye joto zaidi na chumvi kidogo kuliko ya kuunganisha. Kama protini yako ni avidini ya kawaida, ibadilishe: ina chaji chanya kwenye pH ya kazi na huvuta DNA yoyote. Streptavidini na neutravidini hazina tabia hiyo kwa kiwango hicho.

Ikiwa tyubu ya tatu ni giza na isiyo na DNA inawaka, vipande viwili vinashikana vyenyewe, au kuna uchafuzi. Linganisha mifuatano ya vipande kwa programu, kwani besi tano au sita zinazooana mwishoni huweza kuleta shida. Kisha badilisha maji, bafa na ncha za pipeti kwa pamoja, na uone kama nuru inaondoka.

Nuru moja kumwagikia njia ya nyingine ni sababu ya nadra ukiamsha kila rangi kwa mwanga wake, lakini ni ya kawaida kwa wanaotumia nukta za kwantamu (fuwele ndogo mno zinazong'aa) kama kiashirio. Nukta hizo humeza mwanga wa mawimbi mafupi vizuri sana, kwa hiyo mwanga unaoamsha yuropiamu huziamsha nazo. Soma tyubu yenye chembe tu na tyubu yenye kiashirio tu katika njia zote mbili, ndipo utajua ni kiasi gani cha kutoa.

Yuropiamu ina msaada mwingine hapa. Nuru yake hudumu kwa takriban milisekunde moja, ilhali nuru ya rangi za kawaida na ya uchafu mwingi wa kibayolojia hukatika ndani ya nanosekunde. Mashine ikisubiri mikrosekunde 50 au 100 kabla ya kusoma, nuru ya chembe hutoka safi. Namba ya chini ya uwiano, yaani nuru ya chembe, hupata nguvu, ingawa ya juu, yaani nuru ya kiashirio, bado inahitaji uoshaji mzuri.

Dalili: DNA ya bakteria asiyehusika inatoa jibu

Kabla ya kupandisha joto la kuosha, rudi kwenye uchaguzi wa jeni. Mfano mzuri ni jeni ya eae, ambayo hutumika kutafuta E. coli O157:H7, aina hatari ya bakteria huyo. Jeni hiyo ipo pia kwa aina nyingine za E. coli zinazoleta kuhara, kwa hiyo peke yake haithibitishi O157. Wanaotaka uhakika huongeza jeni za sumu ya Shiga, stx1 na stx2, na jeni inayohusika na alama ya O157. Hakuna bafa inayoweza kutenganisha vitu ambavyo mfuatano wake ni mmoja.

Dalili: jibu hushuka DNA inapozidi

Hii si hitilafu ya mashine. DNA ikizidi sana, molekuli moja hukaa kwenye kipande cha kunasa na nyingine hubeba kipande cha kuashiria, wala hazikutani. Pima kila sampuli kwa viwango viwili, mzima na uliopunguzwa mara kumi. Uliopunguzwa ukitoa jibu kubwa zaidi, umevuka kilele.

Dalili: DNA ya kutengenezwa inafaulu, sampuli halisi inashindwa

Mara nyingi bakteria hawakupasuka. Wale wenye ukuta mnene wanahitaji laisozaimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta huo, au kusagwa kwa vishanga vidogo, na mycobacteria ni wagumu zaidi. Kisha angalia usafi: uwiano wa mwanga unaomezwa na DNA kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe karibu 1.8, na wa 260 kwa 230 uwe karibu 2. Huu wa pili ukiwa chini sana, kuna chumvi za guanidini zilizobaki kutoka hatua ya kutoa DNA, au asidi za humasi, zitokanazo na mimea iliyooza, ikiwa sampuli ni udongo. Asidi za humasi humeza mwanga unaoamsha chembe, kwa hiyo nuru ya chembe hushuka na uwiano hupanda kwa uongo. Namba mbili ghafi zitakuonyesha hilo mara moja. Jaribio la kuthibitisha ni kutia DNA ya kutengenezwa ndani ya sampuli halisi na kuona ni kiasi gani kinapotea.

Mahali pa kusimama

Usimwage dawa ya klorini juu ya mabaki yenye guanidini, kwa sababu hutoa gesi zenye sumu. Usimwage bafa yenye azidi ya sodiamu kwenye sinki: ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu, na ndani ya mabomba ya shaba au risasi hujenga chumvi zinazoweza kulipuka. Chembe kavu zishikwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie sumaku za neodimiamu. Nukta za kwantamu zenye kadimiamu zina chombo chake cha taka.

Bakteria hai wa aina ya O157:H7 wakimwagika nje ya kabati la usalama, usiendelee kutafuta kwa nini nuru haikutoka. Waondoe watu, funga mlango na umwite afisa usalama wa maabara, kwa sababu idadi ndogo sana ya bakteria hao hutosha kumuumiza mtu.

Vilevile, jibu linalohusu mgonjwa au chakula kitakacholiwa lisitolewe kwa njia hii peke yake. DNA ya bakteria waliokufa hutoa nuru ileile kama ya walio hai, na chakula kilichochemshwa vizuri kinaweza kuwasha kiashirio. Peleka sampuli iliyobaki kwenye maabara iliyoidhinishwa ikaoteshwe, na uiambatanishe na namba zote mbili ghafi pamoja na matokeo ya tyubu nne linganishi.